Mizani Iliyoandika Majina

Bondeni, Nakuru, Jumatatu, zahanati imejaa.
Mizani ya watoto wachanga, mpya, ina waya,
imechomekwa ubavuni mwa kompyuta,
na Linux, kwa ukarimu wake wa kupokea kila mgeni bila hodi,
ikaitazama, ikaamua: hii nayo ni kibodi.

Basi kila mtoto akilazwa
uzito wake unaruka wenyewe hadi penye jina.
Wiki nzima wameandikishwa hivyo:
4.2 binti Kwamboka.
3.85 wa Kiplimo.
Pacha wa Langa Langa, 2.9 na 2.9,
hata karatasini hawatofautiki.
Bi Nyanchama, karani, hacheki.
"Fundi, shetani huyu anajibu kabla sijauliza."

Nimepiga magoti chini ya meza, vumbi jeupe puani,
ndala za kina mama zikinipita usoni.
Juu, anasoma risiti yangu: "Jebet... Makokha?"
Ananisemesha kwa lugha ya upande mmoja.
Nikinyamaza, anajaribu ya upande wa pili.
Mwaka fulani, nikiwa darasa la sita,
watu walisimama njia panda wakisoma vitambulisho
namna hiyo hiyo: jina la mwisho, basi.
Baba alinifunza kusema tu, "Natoka Lanet."
"Natoka Lanet," nasema, nikitoka na waya mkononi.

Nafungua faili. Hamna picha humo,
maandishi meupe tu juu ya weusi.
Naufikia mstari wa vifaa kujiongeza vyenyewe.
Naandika: hapana.
Kisha kimoja kimoja, kama mwalimu na daftari la mahudhurio:
kibodi ni hii, yenye herufi M iliyofutika.
Kipanya ni hiki.
Kingine chochote kikija, kisimame nje.

"Ina gharama," namwambia. "Kipanya hiki kikifa
ukaleta kingine, kitalala hapo kama jiwe
mpaka uniite."
Anaguna. "Nitakuita. Namba yako ninayo."

Nawasha upya. Mtoto analazwa, anarusha mateke,
soksi moja inaanguka.
Namba zinabaki kwenye kioo cha mizani, zinakotakiwa.
Kwenye skrini, nafasi ya jina ni tupu,
kijiti kinapepesa.
Bi Nyanchama anainua macho:
"Anaitwa nani?"

Mama anamtazama mtoto. Bado hajaamua.
Foleni inakohoa.
Tunangoja.