Mizani

Msinidai vina. Shairi hili nimelianza mara nne
na kila mara urari unakataa, kama ile mizani yetu
ya ghala la zabibu, barabara ya Hombolo,
niliyoikagua kwa macho tu, nikatia saini.

Mimi ndiye niliyekuwa meneja.
Nikiingia, vicheko vilikatika kama umeme.
Kimya kile nikakiita heshima.
Nikirudi Ilazo jioni nilimwambia mke wangu:
vijana wangu wana adabu, hakuna anayeinua sauti.

Vikao vya Jumatatu niliviendesha kwa kidole.
Wewe. Na wewe. Na wewe usiyejua kujumlisha.
Msimu wa Februari Mheta alinyoosha mkono,
akasema, Mkuu, naona mizani inapunja.
Nikamuuliza, mbele ya watu kumi na saba,
kama cheti chake alikipata chuoni au mnadani.
Walicheka.
Walicheka kwa meno, macho wameyaficha.
Kesho yake nikampeleka stoo ya makreti matupu,
akahesabu hewa.

Tangu siku hiyo taarifa zangu zote zilikuwa nzuri.
Nzuri mno.

Agosti, upepo ukimwaga vumbi hadi kwenye chai,
akaja Ndalu Chiwanga, ambaye msimu mzima
tulimwambia zabibu zake zinakauka njiani.
Hakuleta zabibu. Alishusha kwenye bodaboda
mfuko wa saruji, wa kilo hamsini, haujafunguliwa.
Mbukwenyi, akasema. Watu wakaitikia chini chini.
Akautua juu ya bamba.

Arobaini na sita.

Hakupiga kelele. Aliitazama ile namba,
akanitazama mimi, akauliza:
Na saruji nayo imekauka njiani?

Nikamgeukia Nyemo, mpimaji. Ulijua?
Akaviangalia viatu vyake. Tulijua wote.
Mbona hamkusema?
Mheta alisema.

Maneno mawili. Uzito wake
hata mizani ile mbovu isingeweza kuupunja.

Jioni nikaenda stoo. Nikasema, nisamehe.
Mheta hakuacha kupanga makreti.
Akasema, bila ukali, kama mtu anayesoma stakabadhi:
Matusi ulinipa saa mbili asubuhi, ukumbini.
Msamaha unaniletea gizani
na mlango umeurudishia?

Basi Jumatatu nilisimama.
Nikalitaja jina lake lote, Mheta Lechipya Malogo,
nikasema alikuwa sahihi, nami nikamdhalilisha;
kwamba kilo za wakulima zitarudi moja moja, kwa daftari,
na fungu la kwanza litakatwa kwangu.
Nilingoja makofi, nakiri.
Mtu alikohoa. Bati lilialika juani.

Sijawa mwema, msinielewe vibaya.
Wiki ya tatu Nyemo alinyoosha mkono, nusu tu,
kama anayepima joto la sufuria,
akasema, Mkuu, hapo kwenye hesabu umekosea.
Hasira ilinipanda hadi kooni.
Niliimeza kama mlenda wa moto, machozi yakinilenga.
Nikasema: Nionyeshe.

Akanionyesha. Na kwa kweli
siku hiyo aliyekosea alikuwa yeye.
Nikamshukuru vilevile, mbele ya wote,
na hilo ndilo lililonilemea kuliko kuomba radhi,
kwa sababu ulimi ulikuwa umeshachagua kejeli yake
na nilibaki nayo mdomoni mpaka saa ya chakula.

Ule mfuko tuliununua kwa Ndalu.
Umekaa pembeni ya bamba, umevishwa nailoni.
Kila alfajiri, kabla ya gari la kwanza,
Mheta na Nyemo wanaupandisha, wanasoma kwa sauti.
Mimi nasimama nyuma ya mstari wa chokaa
pamoja na wakulima,
nasubiri kuambiwa.