Mahali pa Kuegesha

Coaster tuliinunua kwa shule iliyofungwa,
jina la njia bado limo kwenye kioo, hatukulibandua.
Fundi Lushinge wa Igoma aling'oa viti,
akaweka kitanda, jiko la gesi, dumu lenye koki,
na pazia ambalo Limi alilishona mara mbili
kwa kuwa la kwanza, alisema, lilifanana na la zahanati.
Majirani wa Buswelu walitutazama tukipakia godoro,
jioni wakaja kuulizia, kwa upole,
ni benki gani iliyotutoa.

Tukasema tunakwenda kulala.
Nyumba si mnayo?
Tunayo. Tunakwenda kulala pengine.

Aprili, bonde la Simiyu. Mvua hainyeshi, imehamia,
imekuja na vyombo vyake.
Kiwanja cha kwanza kilikuwa na bango na taa za rangi,
nyasi zimepunguzwa kama nywele za bwana harusi,
spika ukubwa wa kabati. Elfu ishirini kwa usiku,
na ufunguo wa choo alikuwa nao mtu aliyekwenda Nyashimo.
Limi akashusha kioo, akasikiliza.
Akapandisha kioo.

Cha pili kilikuwa mchanga mtupu, ukingoni kabisa,
pale mto unapopinda kama mtu anayegeukia ukutani,
na ng'ambo yangeyange wamejaa mti mzima.
Nikazima injini. Nikasema: hapa.
Yeye akashuka na mabuti, akatembea
macho chini, kama aliyedondosha hereni.
Miaka thelathini alipima mito kwa idara ya maji,
kijiti, daftari, kalamu nyuma ya sikio,
na mimi, dereva wake, nikiangalia ndege.
"Njoo uone." Majani yote yamelala upande mmoja,
yamechanwa. Kwenye mgunga, juu ya kichwa changu,
manyasi, kandambili moja, mfuko wa saruji:
mto ulikuwa umeanika nguo zake pale.
"Umepita juzi," akasema, "na haujachukua vyote."

Basi kwa anayeuliza, sisi hufanya hivi:
usimwulize mwenye kiwanja kama maji hufika,
uliza mbuzi wake wanalala wapi.
Egesha pua ikitazama njia ya kutokea.
Udongo mweusi ukikauka ni rafiki,
ukilowa ni mkopeshaji, hauachii tairi.
Penye kichuguu kikubwa pana maana yake.
Mengine utayajua kwa kukwama.

Tulilala uani mwa kinu cha zamani cha pamba,
kwenye mwinuko, kando ya mizani iliyoota kutu.
Mlinzi alikuwa binti, Kashinje, koti la kaka yake, tochi shingoni.
"Mmefukuzwa?"
Hapana.
"Mmepotea?"
Hapana.
Akafikiri, maji yakimchuruzika puani.
"Chai ipo?"

Ipo. Na michembe, tumeichemsha na karanga,
mvuke umefuta vioo vyote, dunia haipo tena.
Bati la Coaster likaanza, kwanza punje moja moja
kama mtu anayehesabu chenji,
kisha gunia zima limepasuka.
Kashinje alisema kitu, hatukusikia, tukacheka tu,
naye akacheka, akaongeza sukari.

Jina la Limi, kwa Kisukuma, ni jua,
na sijalowa na mtu kumshinda yeye.
Zamani, mvua kama hii, ndani ya Landrova ya serikali,
nilimwita Bosi,
na kila mmoja alikaa na dirisha lake.

Alfajiri nilisikia mlango. Nikaona tochi
ikiteremka polepole kuelekea bondeni,
ikisimama, ikiinama, ikirudi.
"Vidole vinne tangu jana," akasema,
akaingia blanketini na miguu ya barafu.
Hakuna tena ofisi ya kupelekea hesabu hiyo.
Akaniandikia mgongoni, kwa kidole,
tarehe, saa,
nne.