Ganzi

Jumatano, soko la wanawake, Ibra,
mie na magunia yangu ya ndimu kavu:
nyeusi za mchuzi wa papa,
za rangi ya udongo kwa chai ya kifua.
Mteja hanunui ndimu kwa macho.
Onja, Thuwaiba, huniambia, onja kwanza,
nami naipasua kwa kucha, naifyonza mbele yake,
uso nisiukunje. Ndiyo dhamana yangu.
Miaka ishirini na tatu ya dhamana.

Nilidhani meno ni mawe.
Kumbe mawe nayo huliwa.

Kwanza maji ya friji yakaanza kunichoma.
Halafu chai. Halafu upepo tu, nikicheka mlangoni.
Na usiku unasaga, akasema Hilali,
kama mtu anayeburura kochi juu ya kokoto.
Nikamwambia, ni deni la gari hilo unalolisikia.
Hakucheka. Yeye ndiye aliyelikopa.

Daktari Sirija, wa Kerala, ana kioo kidogo
na Kiarabu alichokiokota hapahapa, kwenye vinywa vya watu.
Akauliza maumivu yakoje.
Nikapekua Kiarabu changu chote, cha shule na cha soko,
ulimi ukashika la mama: ganzi.
Meno yamenitia ganzi.
Akaandika kitu. Sijui aliandika nini.

Akanionyesha magego yangu kwenye skrini,
vikombe vya kahawa vilivyolika midomo,
katikati rangi ya samli
palipokuwa peupe.
Hili gamba la juu, akasema, ni gumu kuliko mfupa,
ila halioti tena. Mfupa ukivunjika huunga.
Ngozi hufunga. Kucha unaikata, inarudi.
Hili likiondoka limeondoka.

Kwetu husema jino la pembe si dawa ya pengo.
Nikamuuliza, hicho utakachonijazia ni pembe?
Ni resini, akasema. Naipaka ikiwa laini,
naimulika taa ya buluu, inakuwa ngumu.
Haitakuwa jino. Itakuwa paa.

Paa. Hilo nililielewa.

Akanichoma sindano, ikaja ganzi nyingine,
mdomo ukawa mzito kama nimeazimwa.
Ugonjwa ganzi, dawa ganzi!
Nikacheka, mate yakanichuruzika,
muuguzi akanifuta kama mtoto.

Kisha maagizo.
Usipige mswaki mara tu baada ya kitu kikali,
gamba bado limelegea, utalikwangua mwenyewe.
Sukutua kwa maji, ngoja nusu saa.
Brashi laini, hayo si masizi ya sufuria.
Dawa yenye floridi: teme, usisuuze.
Na usiku vaa hii kinga ya plastiki,
iliyofinyangwa kwa alama za meno yangu.
Riyali themanini. Hilali akazihesabu mara mbili,
akazitoa.

Usiku wa kwanza, kidude kinywani,
nikamwambia lala salama, ikatoka lala falama.
Alicheka mpaka akaketi kitandani.
Deni lipo palepale. Sasa linatafuna plastiki.

Jumatano iliyofuata nikajifunza kutikisa.
Ndimu iliyokauka vyema, kokwa zinacheza ndani;
yenye unyevu iko kimya, kama mtu anayeficha jambo.
Naitikisa sikioni mwa mteja: sikia.
Wengine wamekubali.
Bi Shinuna wa Mudhairib hakukubali.
Ananunua kwangu tangu mumewe yu hai.
Alichagua moja, nyeusi tii,
akaninyooshea, akasubiri.

Nikaifyonza.
Wallahi, ukali wake ni uleule.
Akachukua gunia zima.
Nikasukutua kwa maji ya chupa, nikatema nyuma ya gari,
nikaangalia simu: saa nne na dakika kumi.
Mswaki umo mkobani.
Nangoja.