Zisipoota, Niambieni Pia

Kipande kilifika Jumanne, saa tano asubuhi,
ndani ya barafu, ndani ya sanduku la rangi ya chungwa,
hakizidi punje ya dengu.
Nje, Turku ilikuwa imezibwa na theluji,
mto Aura umefumba mdomo.
Pihla akatia saini. Mimi nikakata.

Fomu haikuwa na jina. Haitakiwi kuwa nalo.
Mwanamke, miaka sitini na mmoja,
pafu la kushoto, sehemu ya chini;
uvimbe wa aina ambayo daktari
huiona mara mbili tatu mpaka anastaafu.
Lakini pembezoni, kwa kalamu ya risasi,
kwa mwandiko wa shule za zamani,
mtu alikuwa ameandika:
Zikiota, niambieni.
Zisipoota, niambieni pia.

Nikazilaza seli kwenye ute, nikazimiminia lishe
yenye wekundu wa maji yaliyosuuza gilasi ya sharubati.
Nyuzi thelathini na saba, joto la kwapa.
Nikafunga mlango wa kabati polepole
kama mtu anayemwacha mtoto aliyesinzia.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hizi siku ya tisini bado zimekaa mkekani,
hazishiki jembe, haziagi.

Zipo saratani zenye pupa:
hujaza sahani kwa wiki, zikadai nyingine.
Hizi hazina haraka na mtu.
Ndani ya mwili, alisema Profesa Lindroos,
huenda zilichukua miaka kumi na mitano
kufikia ukubwa wa kunde,
na mwenye kifua akipanda ngazi, akicheka,
akidhani ni kikohozi cha baridi.

Mwezi wa pili yakaja magugu:
seli za kawaida, nyembamba kama sindano,
zenye afya, zenye bidii, zisizo na hatia.
Nikazipalilia.
Hebu fikiria: nimeng'oa zilizo nzima
ili kuzipisha zilizo gonjwa.

Mwezi wa tatu ukungu ukala sahani nne kati ya sita.
Nikazimwagia klorini, nikaenda chooni nikalia,
nikarudi, nikavaa glovu mpya.

Usiku, kwenye basi, nilimwaza.
Labda anakaa ng'ambo ya mto,
labda kaskazini kabisa, kwenye nyumba yenye mbwa.
Kila miezi sita anapigwa picha ya kifua,
anavuta pumzi, anaishikilia,
anaomba zilizobaki zisisogee.
Nami, chini ya taa, naziomba zisogee.
Dua mbili, seli zile zile.
Sijui huko juu zinawekwa faili gani.

Siku ya mia na arobaini na tatu
niliinamia hadubini, kahawa ikipoa,
na seli moja ilikuwa na kiuno.
Nikaondoa jicho. Nikalirudisha.
Kiuno kilikuwa palepale,
chembamba, kama mtu anayejibana
apite kati ya viti viwili.
Nikamwita Pihla. Akatazama, akanyamaza,
akaenda kuleta mkate wa iliki uliobaki jana,
akaugawa nusu kwa nusu bila neno.

Kesho tutaanza: baadhi kwa dawa,
baadhi kwenye tangi la naitrojeni,
zilale humo pengine kutupita sote.

Niliuliza ofisini kama anaweza kuambiwa.
Jina lipo chini ya funguo mbili, wakasema,
na kanuni ni kanuni, nami naziheshimu,
ndizo zinazomlinda na watu kama mimi.
Basi nikatoa nakala ya fomu,
nikachonga kalamu ya risasi,
na chini ya mwandiko wake nikaandika:
Zimeota.

Kisha, kwa kuwa hilo halikuwa uongo
wala halikuwa kweli yote,
nikaongeza:
polepole.