Tisini na Sita

Saa tatu usiku, Kabete. Nimebaki mimi, friji,
na sahani yenye vishimo tisini na sita,
kila kishimo tone la mbuzi mmoja.
Wametoka Kargi, Laisamis, Garba Tula,
wameingia Nairobi ndani ya barafu
bila kwato, bila kengele.

Siku ya kwanza Daktari Chepkwony aliniambia:
uzi huu ni mrefu mno, mashine haiwezi kuumeza.
Ukitaka usomeke, uvunje.
Nilicheka. Nani huchana barua kabla ya kuisoma?

Sasa nafunika sahani kwa utando,
naishusha kwenye maji ya nyuzi joto nne,
nabonyeza. Sauti inaanza, ile isiyosikika,
ila magego yangu yanaijua,
na mbwa wa bawabu hunyanyuka akahama.

Wote kwa mpigo mmoja. Hapo ndipo kazi.
Mmoja ningembembeleza;
tisini na sita hawabembelezeki.
Muda ukipungua, wanabaki kamba.
Ukizidi, wanakuwa vumbi,
na vumbi halina herufi.
Nataka herufi mia tatu hamsini, hapo hapo,
kama Kerubo wa Kangemi akatavyo sukuma wiki,
macho kwa mteja, kisu kwenye majani,
kila ukanda ukitoka pacha wa mwenzake.
Nilimuuliza hupimaje.
"Sipimi. Nasikiliza kisu."

Mimi sina cha kusikiliza. Nina saa ya ukutani
na hofu ya stima kupotea.

Kwenye D7, mchungaji Halakhe aliandika kwa kalamu ya wino,
mkono umeinama kama unapanda kilima:
*Huyu hakuugua.*
Zizi zima liliisha. Huyu alikula majani, akatazama.
Sababu imo humu, neno moja au mawili,
na huenda nimelikata katikati.
Lakini nakala zake ni nyingi, na hakuna mbili
zinazopasukia mahali pamoja;
kipande hiki kinashika mkia wa kile.
Ndivyo ninavyojiambia.

Saa tano na robo jeli inawaka.
Tisini na watano wametua nilipotaka.
D7 bado mrefu.

Namhamisha peke yake kwenye kichupa.
Sekunde thelathini tu, mama.
Nabonyeza tena.