Gambuti za Serikali

Lango la Kemirembe, huku Kiruhura,
limefungwa kwa mnyororo wa baiskeli.
Kando, beseni la maji ya dawa, brashi ya kufulia.
"Daktari, gari liache barabarani."

Nami nina kitambulisho kifuani,
nina sampuli kwenye barafu,
nina mazizi mawili zaidi kabla jua halijazama.
"Nimekuja kutibu," nasema.
"Umetoka wapi?"

Nikameza mate.
Nimetoka kwa Tumwekwase,
ambako udenda wa ng'ombe unaning'inia kama uzi,
kwato zimechubuka,
ndama wanasogelea kiwele wanapigwa teke.

Nikainama.
Nikachokoa kwa kijiti
tope la kijani lililojibana kwenye soli:
la leo, bichi; chini yake la jana, gumu;
chini zaidi, sijui la kwa nani.

Bihogo alinitazama juu ya ua, akicheua,
pembe zake pana kuliko mlango wa ofisi yetu.
"Na ovaroli?" Nikaivua.
"Na mikono?" Nikaichovya tena.
Maji yakawa rangi ya chai ya rangi,
akayamwaga shimoni, akaleta mengine.
Sikuudhika. Au niliudhika kidogo.

Usiku, kwa taa ya simu,
nikafungua daftari la safari nililolikwepa:

Jumanne asubuhi, kwa Rwamahe. Ng'ombe wawili wanachechemea.
Jumanne alasiri, kwa Tumwekwase. Chanjo. Wote wazima.

Mwandiko ni wangu.
Gambuti zilikuwa hizi.