Makali ya Dola Tisa

Nimevipanga vitatu juu ya meza ya jikoni,
ghorofa ya pili, Barabara ya Barton, Hamilton,
theluji ikibisha dirishani kama mdai.

Cha kwanza nilikiokota kikapuni, kituo cha mafuta:
dola tano, mpini umechorwa dubu.
Cha pili dola tisa. Hakina picha, hakina majigambo,
herufi moja na namba mbili tu shingoni mwa bapa.
Cha tatu si changu. Ni cha marehemu mke wa Zdravko,
alichomenyea matufaha miaka thelathini,
cheusi, kina madoa ya samawati kama jeraha la juzi.

"Rahisi ni rahisi tu," asema Zdravko,
aliyepika chuma tanuruni miaka ishirini na sita
na bado hukohoa kila akikitaja.
Ainua bapa kwenye taa. Aligonga kwa ukucha, asikiliza.
Kisha ahukumu: kama ni lazima, basi cha dubu.
Kinang'aa. Kizito mkononi.

Nacheka. Mimi kazi yangu ni maboksi.
Boksi, usilione laini vile,
lina mchanga ndani yake, lina gundi, lina vumbi la bandari tatu,
latafuna makali kuliko mfupa.
Kila kisu hutoka dukani kikali,
kama kila mposaji atokavyo kwa kinyozi.
Niulize saa tisa usiku, boksi la mia nne,
ndipo nikwambie nimeoana na nani.

Mwenye kisu kikali ndiye mlaji nyama, twasema.
Methali haikutaja ng'ombe wangapi.

Basi nikanunua kamba, mita kumi, Mtaa wa Ottawa.
Harufu ilinifika kabla sijasoma kibandiko.
Mkonge.
Nilisimama kati ya misumari na rangi za ukuta
nikamwona baba anarudi kutoka Ngomeni,
mikono imechanjwa na miiba, akihesabu matita yake kwa sauti
asije karani akamla mawili.
Kisu chake alikinoa mara tatu kabla ya adhuhuri.
Hakuuliza kamwe kama kisu ni kikali.
Aliuliza, "Kinanoleka?"

Twende.
Dubu: kata ya kwanza mpaka ya kumi, siagi.
Ya kumi na moja, siagi ya barafu.
Ya kumi na nne kikateleza kama mtu aliyeulizwa deni.
Nikakipitisha ukuchani: hakiumi.
Makali hayakuvunjika, yamelala upande.
Chuma laini ndivyo kilivyo, hakikatai,
ukikiamsha kwa kinoo kinaamka,
ukigeuka kimelala tena.

Cha dola tisa: ishirini. Hamsini. Tisini.
Nyuzi zimejaa sakafuni, zimenasa kwenye soksi za Zdravko,
naye amenyamaza.
Mia na arobaini, na gazeti bado linakatika bila kuchanika.
"Waliponzwa na bahati," asema. "Siku moja
walikipoza vizuri kwa makosa."
Huenda. Sina tanuru, nina kamba.

Cha mkewe sikutaka kukigusa.
Akanisukumia. Akahesabu mwenyewe, kwa Kikroati,
midomo ikitembea polepole.
Themanini na tatu, na kilikuwa bado kinauma,
akanishika mkono.
Akakipangusa kwa kiwiko cha sweta, akakifunga. Tak.
Hatukuandika namba yake.

Jumapili nilikaa na kinoo saa nzima
kukirudishia cha dola tisa nywele mbili za makali.
Kigumu, mkaidi, maji yakageuka kijivu.
Kinanoleka, baba, lakini kwa kubembelezwa.
Cha dubu nimekiachia bahasha za bili ya umeme.

Kazini Oksana ameniuliza
mbona mkono wangu wa kushoto hauna malaika,
umekuwa mweupe kama wa mtoto.
Nikamwambia, nasoma.